Tavistock: Mji wa Soko Ukingoni mwa Nyika

Uingereza inapotajwa, aghalabu mawazo ya mtu hukimbilia London. Huwaza majumba ya wafalme, bunge, na mto Thames upitao chini ya madaraja. Lakini nchi haijulikani kwa mji wake mkuu peke yake, kama vile mtu hajulikani kwa kilemba chake peke yake. Ukitaka kujua jinsi watu wa Uingereza walivyoishi, walivyochuma na walivyotawaliwa, yafaa uende katika mojawapo ya miji midogo ya soko iliyotapakaa katika nchi ile. Leo nakuomba tufuatane hadi mmoja wao, uitwao Tavistock, ulioko magharibi ya jimbo la Devon. Una watu wapatao 13,000 tu, walakini habari zake ni za zaidi ya miaka elfu moja. Tunapotembea, ushike moyoni swali hili: mali iliyopita katika mji huu ilikuwa ya nani, na ilipokwisha kupita, kilibaki nini?

Tufanye kwamba tumeshuka katika bandari ya Plymouth, kusini mwa Devon, tukashika njia ya kaskazini kwa mwendo wa maili kama 15. Kabla hatujauona mji, tutaiona nchi inayouinamia kutoka upande wa mashariki. Hiyo ndiyo Dartmoor, nyika pana iliyoinuka juu, yenye majani magumu, vichaka vifupi na kinamasi, na miti michache mno. Mwanafunzi aliyepanda milima ya Nyandarua, akapita msitu na mianzi hata akatokea katika majani ya baridi huko juu, ameona nchi inayofanana nayo kidogo. Lakini usidanganywe na neno mlima. Kilele cha juu kabisa cha Dartmoor, kiitwacho High Willhays, kina futi 2,039, wala hakifiki nusu ya kimo cha mji wa Nairobi. Baridi yake haitokani na kimo tu, bali na kuwa mbali na ikweta, na pepo za mvua zitokazo bahari ya Atlantiki.

Chini ya majani yale liko jiwe gumu la graniti. Mahali pengi udongo umeondolewa na mvua na barafu katika muda wa maelfu ya miaka, na mawe yamesimama wazi juu ya vilima kama maboma yaliyobomoka. Maji ya mvua hunywewa na udongo mweusi wa mimea iliyooza, kisha hutoka polepole yakawa mito. Mmojawapo ni mto Tavy, ambao hupita katikati ya mji wetu na kuupa jina.

Ukingo huu wa nyika ndio uliouzaa mji. Fikiri kidogo. Watu wa huko juu hawawezi kulima nafaka ya kutosha, maana udongo ni mchungu na jua ni haba; wao wana kondoo, ng'ombe na sufu. Watu wa bondeni wana nafaka, matunda na siagi, lakini wanahitaji sufu na mifugo. Kila upande una ziada ya kile ambacho upande wa pili umekikosa. Basi hukutana mahali ambapo nyika hukoma na bonde huanza, penye mto na njia ya kuvuka. Soko la namna hii halianzishwi na mtu mmoja. Huanzishwa na haja ya wengi. Lakini wengi wakikusanyika mahali pamoja, hakosi mtu wa kutaka kuwa bwana wa mahali pale.

Bwana wa kwanza wa Tavistock alikuwa nyumba ya watawa. Katika karne ya kumi mkuu mmoja wa Devon, jina lake Ordgar, aliweka msingi wa monasteri kando ya mto, na mwaka 981 Mfalme Æthelred akaithibitisha kwa hati. Haikukaa raha. Mwaka 997 maharamia wa Kideni walikuja kwa majahazi, wakapanda mto Tamar kutoka baharini, wakaiteketeza kwa moto. Watawa waliijenga upya, na kadiri miaka ilivyopita wakazidi kupata ardhi, hata ikawa miongoni mwa monasteri tajiri za upande ule wa nchi.

Mwaka 1105 Mfalme Henry wa Kwanza aliwapa watawa ruhusa ya kufanya soko kila Ijumaa. Mwaka 1116 wakapata na ruhusa ya kufanya maonyesho makubwa ya siku tatu kila mwaka. Huenda ukauliza, je, watu huhitaji ruhusa ya mfalme ili wauziane mayai? Katika Uingereza ya siku zile, ndiyo. Soko lilikuwa haki, na haki hiyo ilitolewa na mfalme kwa hati. Aliyeipata alikuwa na uwezo wa kutoza ushuru kwa kila meza na kila mnyama, kukagua mizani na vipimo, na kuwatoza faini wadanganyifu. Kwa hiyo mwanamke aliyetembea tangu alfajiri na kikapu cha siagi alipoingia sokoni, sehemu ya jasho lake iliingia katika mfuko wa mkuu wa watawa.

Tusiwadhulumu watawa, hata hivyo, kwa kuwataja kama watoza ushuru tu. Walitunza vitabu wakati ambapo watu wachache walijua kusoma. Mwaka 1525 mtawa mmoja, Thomas Richard, alichapisha kitabu ndani ya monasteri ile kwa mtambo wa kupigia chapa, wakati ambapo mitambo hiyo ilikuwa adimu sana nje ya London. Mji mdogo ulio chini ya nyika ulikuwa na chapa yake kabla ya miji mingi iliyoupita kwa ukubwa.

Wakati huohuo nyika yenyewe ilikuwa na mali nyingine. Katika mchanga na kokoto za mito ya Dartmoor yalipatikana mawe ya bati. Wachimbaji waliyafukua, wakayaosha kwa maji yaendayo kasi ili mchanga mwepesi uchukuliwe na bati zito libaki, kisha wakayayeyusha. Wafalme walilipenda bati hili kwa sababu ya kodi yake, na kwa hiyo waliwapa wachimbaji upendeleo. Hati ya Mfalme John ya mwaka 1201 iliwaruhusu kuchimba hata katika ardhi isiyokuwa yao. Walikuwa na mahakama zao wenyewe, na hata baraza lao la kutunga sheria, ambalo lilikusanyika juu ya kilima cha Crockern Tor katikati ya nyika, wajumbe wakipigwa na upepo. Sheria zao zilikuwa kali, na aliyezivunja alitupwa katika gereza la Lydford, maili chache tu kutoka Tavistock.

Mwaka 1305 Tavistock ulifanywa kuwa mmoja wa miji ambako lazima bati lote la wilaya lipelekwe kabla ya kuuzwa. Huko lilipimwa uzito, pembe moja ya kila kipande ikakatwa ili ubora wake ujaribiwe, kodi ikalipwa, na muhuri ukapigwa. Pasipo muhuri hapakuwa na biashara. Hivyo mji ulipata faida mbili kwa mkono mmoja: sufu ya kondoo wa nyikani, iliyofumwa kuwa vitambaa, na bati la mitoni.

Kisha, msomaji wangu, yakaja mageuzi makubwa. Mfalme Henry wa Nane aligombana na Baba Mtakatifu wa Roma, akajifanya mwenyewe kuwa mkuu wa kanisa katika nchi yake. Tena alikuwa na haja ya fedha. Monasteri zilikuwa na ardhi nyingi, naye akazivunja moja baada ya moja. Zamu ya Tavistock ilifika mwezi wa Machi, 1539. Watawa walitawanyika, na ardhi yao, pamoja na mji na haki ya soko, ikapewa mtumishi mwaminifu wa mfalme, John Russell. Kizazi chake ndicho kilichopata baadaye cheo cha Duke wa Bedford. Mji ulibadili bwana tu, haukupata uhuru. Ijumaa iliyofuata watu walileta siagi na kondoo kama kawaida, na ushuru ukalipwa kwa mkono mwingine.

Ukitembea leo utayaona mabaki ya monasteri katikati ya mji: lango, mnara, na kipande cha ukuta wenye matao katika uwanja wa kanisa. Mawe mengine yalichukuliwa na kujengewa nyumba za watu. Ndivyo ilivyo desturi ya majumba makubwa yaangukapo.

Sasa tufuate njia ya Plymouth hadi mwisho wa mji. Hapo pamesimama sanamu ya shaba ya mtu mwenye ndevu, mwenye mavazi ya karne ya kumi na sita. Huyu ni Francis Drake, aliyezaliwa yapata mwaka 1540 katika shamba la Crowndale, karibu maili moja kutoka mjini. Vitabu vya Waingereza vimemsifu kwa karne nyingi. Kati ya mwaka 1577 na 1580 aliizunguka dunia nzima kwa merikebu, akiwa nahodha Mwingereza wa kwanza kufanya hivyo, na mwaka 1588 alikuwa miongoni mwa makamanda walioshindana na merikebu za Hispania zilizokuja kuishambulia Uingereza. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 1883, zawadi ya Duke wa Bedford wa siku zile.

Sanamu haisemi yote. Kabla ya safari zile za sifa, Drake alikuwa baharia katika msafara wa jamaa yake John Hawkins, ulioondoka Plymouth mwaka 1567. Msafara huo ulikwenda pwani ya Afrika ya Magharibi, ukawakamata na kuwanunua watu, ukawavusha bahari na kuwauza utumwani katika makoloni ya Hispania. Hilo ni jambo la historia, wala si shutuma ya kutunga. Miaka michache baadaye, mwaka 1572, Drake alipokuwa Panama akiwavamia Wahispania, alijiunga naye Mwafrika mmoja aitwaye Diego, aliyewatoroka mabwana zake Wahispania. Diego alimwunganisha na Waafrika wengine waliojikomboa na kuishi msituni, na kwa msaada wao Drake alipata fedha za Hispania zilizomtajirisha. Diego alisafiri naye pia katika ile safari ya kuizunguka dunia, akafa kabla ya kufika nyumbani. Yeye hana sanamu katika Tavistock. Basi usimamapo mbele ya sanamu yoyote, jiulize maswali mawili: ni nani aliyelipa gharama yake, na ni nani waliokuwa pamoja na mtu huyu ambao hawakusimamishwa kando yake?

Turudi mjini, maana utajiri mkubwa kuliko wote ulikuwa bado kuja. Biashara ya vitambaa ilififia, na bati nalo likapungua, lakini katika karne ya kumi na tisa mji ulipata shaba. Mnamo mwaka 1817 ulifunguliwa mfereji wa maji wa maili 4, kazi ya mhandisi kijana John Taylor, ili mashua zichukue madini kutoka Tavistock kuelekea gati ya Morwellham kwenye mto Tamar. Karibu maili moja na nusu ya mfereji huo hupita chini ya kilima, katika shimo lililochongwa ndani ya mwamba. Kazi hiyo ilianza mwaka 1803 ikachukua miaka 14, na mwamba ulichongwa kwa nguvu za mikono, nyundo na baruti.

Kisha mwaka 1844, katika msitu wa Blanchdown, maili chache magharibi ya mji, wachimbaji walikutana na mshipa wa shaba mnene ajabu. Kampuni ilikuwa imeanzishwa kwa hisa 1,024, kila moja kwa pauni 1. Muda si muda hisa moja iliuzwa kwa mamia ya pauni. Mgodi huo ulioitwa Devon Great Consols ukawa miongoni mwa migodi mikubwa kabisa ya shaba duniani. Ardhi ilikuwa ya Duke, kwa hiyo naye alipata fungu lake katika kila shehena bila kushuka shimoni.

Walioshuka ni wengine. Wanaume walifanya kazi gizani kwa mwanga wa mishumaa. Juu ya ardhi wanawake na wasichana, wengine wadogo kuliko wewe usomaye, walivunja mawe kwa nyundo ili kutenga shaba na takataka. Shaba ilipopungua, mgodi uligeukia aseniki, sumu iliyokuwamo ndani ya mawe yaleyale, na kwa muda ukawa unatoa sehemu kubwa ya aseniki iliyotumiwa duniani. Wafanyakazi waliokwangua unga wa sumu ile katika mabomba ya tanuri walijipaka udongo mwilini na kuziba pua kwa pamba. Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yao.

Watu walimiminika mjini kutafuta kazi. Kati ya mwaka 1801 na 1861 idadi ya wakazi ilizidi maradufu, na jamaa nyingi zilibanana katika nyumba moja. Duke wa saba, Francis, aliamua kuujenga mji upya. Alivunja vichochoro, akafungua uwanja, akajenga ukumbi na soko, na nyumba nzuri za wafanyakazi, kila moja na bustani yake. Nyumba hizo bado zinakaliwa. Majengo yake mengi ni ya jiwe la kijani lililochimbwa Hurdwick, karibu na mji, na ndiyo maana Tavistock una rangi ambayo hutaiona kwingineko. Wahenga walisema: vyaelea, vimeundwa. Sanamu ya Duke huyo imesimama uwanjani. Tumsifu kwa nyumba, lakini tusisahau kwamba fedha zile zilitoka katika mashimo ya mgodi, wala tusisahau ni mikono ya nani iliyozitoa.

Shaba nayo haikudumu. Madini ya bei nafuu yalipatikana katika nchi nyingine, na mgodi ukafungwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Hata kabla ya hapo wachimbaji wengi wa Devon na Cornwall walikuwa wamefunga mizigo yao kwenda Marekani, Australia na Afrika ya Kusini, wakichukua ujuzi wao wa kuchimba. Mwaka 1911 Duke wa siku zile aliuza sehemu kubwa ya mali yake ya Tavistock, na baada ya karne nane za mabwana, soko likaja kuwa mali ya baraza la mji. Reli mbili zilizofika mjini, ya kwanza mwaka 1859 na ya pili mwaka 1890, zote zilifungwa kwa abiria, moja mwishoni mwa 1962 na nyingine mwaka 1968. Daraja refu la reli bado limesimama juu ya mapaa ya nyumba, na watu hulipita kwa miguu. Mwaka 2006 UNESCO iliitia nchi hii ya migodi, pamoja na mji, katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa ingia nami sokoni. Jengo la soko lina zaidi ya miaka 150, na jina lake kwa lugha yetu lingekuwa Soko la Mashogi. Shogi wakijua watu wa pwani: ni ule mfuko mkubwa wa pande mbili utandikwao mgongoni mwa punda. Wakulima wa Dartmoor walileta bidhaa zao namna hiyohiyo, juu ya farasi, na jina likabaki hata baada ya farasi kuondoka. Siku hizi utakuta humo jibini, asali, nguo, vitabu vikuukuu, vyombo vya zamani na mikate. Kila mwaka, Jumatano ya pili ya Oktoba, barabara hufungwa kwa ajili ya yale maonyesho yaitwayo ya bata bukini, ingawa mabata wenyewe ni haba siku hizi, na watoto wengi hufuata bembea na peremende.

Sasa tuyakusanye tuliyoyaona. Monasteri ilivunjwa. Bati lilikwisha, vitambaa vilififia, shaba ilikwisha, Duke akauza, reli ikang'olewa. Soko la Ijumaa, ambalo hati yake iliandikwa mwaka 1105, lingali likifanyika. Halikudumu kwa sababu ya hati, maana hati nyingi za namna ile ni karatasi tu sasa. Limedumu kwa sababu haja iliyolianzisha, ya watu wa juu na watu wa bondeni kukutana, haikukoma pamoja na bwana yeyote.

Nawe, msomaji, huna lazima ya kupanda ndege ili uisome historia ya namna hii. Karibu na shule yako bila shaka liko soko lenye siku yake. Uliza wazee lilianza lini na kwa nini mahali pale. Njia zipi zilikutana hapo. Ni nani aliyetoza ushuru kwanza, na ni nani anayetoza sasa. Ardhi ilikuwa ya nani, na ilihamia mikononi mwa nani kwa hati gani. Kisha andika majibu yao katika daftari, pamoja na jina la mzee aliyekueleza na tarehe. Wafanya soko wa Tavistock waliacha habari chache mno za maisha yao, na mengi tuyajuayo juu yao yaliandikwa na wale waliowatoza ushuru. Mama auzaye viazi katika soko lako angali hai, na aweza kujieleza mwenyewe kama utamwendea na kumwuliza.